Kifungo cha kipepeo au cha kukunja? Kuchagua saa ya cheni kwa mkazi wa Mwanza

Wateja wengi wa saa za bei kubwa huuliza mashine, kioo na jina lililo usoni. Kifungo, kile kinachofungia mkanda wa saa mkononi, hukumbukwa saa ikiwa imeshavaliwa na pesa imeshatoka. Hapo ndipo hasara inapoanzia, maana kifungo ndicho unachokigusa kila asubuhi na kila jioni, ndicho kinacholala juu ya meza unapoandika, na kikiachia ukiwa kwenye boti ya kwenda Ukerewe, ubora wa mashine hautakusaidia kitu.

Tunazungumzia saa za cheni, yaani zenye mkanda wa chuma au dhahabu wa pingili. Kuna kifungo cha kipepeo, kile kinachojificha chini ya cheni mtu asijue kinaanzia wapi. Na kuna kifungo cha kukunja, chenye kifuniko kinachoonekana, mara nyingi na kufuli la ziada na njia ya kurefusha au kufupisha cheni bila kwenda kwa fundi. Cha kwanza huuzwa kwa urembo, cha pili kwa matumizi. Msimamo wetu ni kwamba kipepeo kinastahili bei yake pale tu cheni inapoangukia saizi ya mkono wako bila kulazimisha. Ikikosa hata milimita 3, chukua cha kukunja.

Kila kimoja kinavyofunga

Kipepeo kina bati moja lililopinda, linalogusa ngozi upande wa chini wa mkono. Kila mwisho wa bati hilo una bawaba, na kila bawaba imebeba bawa linalokunjwa kuelekea katikati. Mabawa yote mawili yakilala, pingili za mwisho za pande mbili hukutana na kinachobaki ni mstari mwembamba tu. Loki yake huja kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya msuguano: vijino vya bawa huingia kwenye bati kwa kubana na hutoka kwa kuvutwa. Ya pili ina vitufe pembeni, na bawa halitoki mpaka vibanwe. Tofauti hii ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, tutaifikia tukizungumzia boti.

Cha kukunja kina mabati yaliyoungwa kwa bawaba mbili, yanayojikunja moja juu ya jingine na kuingia chini ya kifuniko. Juu ya kifuniko, kwa saa za michezo na za wazamiaji, hulala kibati kidogo cha usalama ambacho lazima ukiinue kwanza ndipo kifuniko kifunguke. Kwa hiyo kuna hatua mbili za kufungua, na hizo hatua mbili ndizo unazolipia.

Usidanganyike na kelele. Vifungo vya zamani vya kukunja vilitengenezwa kwa bati jembamba lililopigwa chapa na kukunjwa. Ni vyepesi na vinagongagonga. Saa ya wazamiaji ya Rolex, Submariner 16610, iliyoondolewa sokoni mwaka 2010, ilikuwa na kifungo cha namna hiyo, na watu waliilalamikia kwa bei yake. Iliyofuata ilikuja na kifungo kilichochongwa kwenye chuma kizima. Kile cha bati kinaonekana cha hali ya chini, lakini kikilegea fundi anaweza kukikaza kwa mkono mwepesi. Kilichochongwa hakikazwi kwa koleo. Ukikilazimisha kinavunjika, na viwanda vingi vya saa za anasa havimuuzii fundi wa nje vipuri, kwa hiyo utabadilisha kifungo kizima, tena kwa kusafirisha saa nje ya mji.

Urembo uko wapi hasa

Watu husema kifungo hakionekani kwa sababu kiko chini ya mkono. Si kweli. Kinaonekana mikono ikiinuliwa kwenye dua, unapopokea kipaza sauti kwenye sendofu, unapokata ugali na kiganja kimeangalia juu. Hapo kipepeo hakina mpinzani. Cheni inazunguka mkono mzima kwa mchoro mmoja: kama katikati ya pingili kuna mstari wa kung'aa, mstari huo haukatiki. Cartier, Omega kwenye saa zake za Constellation, na nyumba nyingine zinazotengeneza saa za kuvaa na suti wameng'ang'ania kipepeo kwa sababu hiyo.

Faida yake ya pili ni unene. Kipepeo kizuri hakiongezi mengi juu ya unene wa cheni yenyewe, hivyo kofi ya shati, yaani mwisho wa mkono wake, hupita juu yake bila kukwama hata ikiwa imefungwa. Kanzu yenye mkono mwembamba vilevile. Kifungo cha saa ya mzamiaji chenye reli ya ndani ya kurekebisha urefu wa cheni ni kirefu na kinene. Kofi hujikunja juu yake na ukiweka mkono mezani unahisi kigongo.

Kuna njia ya tatu ambayo wengi huichanganya na kipepeo. Ni kile cha cheni ya President ya Rolex Day-Date, saa iliyotoka mwaka 1956: siku hizi kifungo chake kimefichwa, lakini ni cha kukunja upande mmoja. Unakifungua kwa kuinua kidude chenye umbo la taji kilicho kati ya pingili. Kwa macho ni kama kipepeo, kwa bawaba ni cha kukunja. Shida yake ni ileile ya kipepeo: kujificha kumekula nafasi ambayo ingekaa mashimo ya kurefusha au kufupisha cheni.

Wale wenye mkono mwembamba, chini ya sentimita 16, wasome sehemu hii mara mbili. Kifungo kirefu kilichonyooka kinapita ukingo wa mkono na kuacha uwazi pande zote, hata kama mzunguko wa cheni uko sawa. Mkono mwembamba huwa bapa chini lakini si mpana, na bati gumu halijikunji kuufuata. Kwa mkono wa namna hiyo kipepeo kifupi kinaweza kuwa ndicho cha urembo na cha matumizi kwa wakati mmoja.

Saizi, hapa ndipo uamuzi ulipo

Mkono hauna saizi moja kwa siku. Asubuhi na mapema, upepo wa ziwa ukiwa bado baridi, mkono umesinyaa. Ikifika saa nane mchana, umetembea juani kutoka Makoroboi mpaka stendi, umekunywa maji, umeshikilia usukani, mkono umevimba. Si ajabu uliosoma sentimita 17 asubuhi ukasoma 17.5 alasiri. Safari ndefu ya basi, mlo wa chumvi nyingi na ujauzito huongeza zaidi.

Sasa tazama hesabu. Pingili nyingi zina urefu wa milimita 6 hadi 9. Kipepeo hakina mashimo ya kurekebisha. Unaongeza pingili nzima au unatoa pingili nzima. Kwa pingili ya milimita 8, bahati mbaya kabisa ni kukosa saizi yako kwa milimita 4, iwe kwa kubana au kwa kulegea. Cheni ikiwa na nusu pingili, ya milimita 4 hivi, kosa kubwa linashuka hadi 2. Kifungo cha kukunja chenye hatua za milimita 2 hukushusha hadi milimita 1, ambayo ngozi haiitambui.

Hiyo ni kabla hata mkono haujavimba. Ukishaweka uvimbe wa milimita 5, mwenye kipepeo analazimika kupima cheni kwa saizi ya alasiri na kukubali saa icheze asubuhi. Saa inayocheza huzunguka: kichwa kizito, yaani sehemu yenye uso na mashine, huangukia upande wa nje wa mkono, taji, kile kijigurudumu cha pembeni cha kuwekea majira, linachoma mgongo wa kiganja, na kile kifungo kizuri ulichokilipia kinatokeza pembeni. Mwenye kupima kwa saizi ya asubuhi ana shida mbaya zaidi. Kufika mchana cheni imebana, mabawa ya kipepeo yanavutwa kila mkono unapojikunja, na vijino vya msuguano vinaliwa. Vipepeo vingi vinavyoletwa kwa fundi kwa lalamiko la «kinafunguka chenyewe» vimekufa hivyo.

Viwanda vyenyewe vinajua. Rolex wameweka kwenye saa zao nyingi pingili ya ndani ya kifungo inayokunjuliwa na kuongeza milimita 5, kitendo cha sekunde chache bila kifaa, wanaiita Easylink. Kwenye Submariner kuna Glidelock, reli yenye meno ya milimita 2 kila moja, jumla karibu milimita 20. Tudor wana T-fit: nafasi 5, jumla milimita 8. Hata nyumba zinazojulikana kwa saa za suti zimeanza kulegeza msimamo. Patek Philippe walipotoa Nautilus 5811 mwaka 2022 waliweka kwenye kifungo marekebisho ya milimita 2 hadi 4. Cartier Santos ya 2018 ina kitufe chini ya pingili, unakibonyeza pini inatoka bila bisibisi. Hilo linarahisisha kazi, ila hatua bado ni ya pingili nzima, kwa hiyo tatizo la alasiri liko palepale.

Ushauri wa kupima: nenda dukani au kwa fundi kati ya saa nane na saa kumi mchana, baada ya kutembea. Cheni ikiwa imefungwa, ncha ya kidole kidogo ipite kati ya kifungo na ngozi kwa kubanwa kidogo. Saa isivuke mfupa wa nje wa kifundo ukitikisa mkono. Kunja kiganja mpaka mwisho: kama taji linachoma, cheni imelegea au kichwa cha saa ni kikubwa kwa mkono wako. Kama ukifungua kifungo unaona alama ya pingili imebaki kwenye ngozi kwa dakika nzima, imebana.

Boti, bodaboda na jaketi okozi

Kipepeo cha msuguano hakifai kwenye chombo cha majini. Tunasema hivyo bila kuzunguka. Bawa likinaswa na mkanda wa jaketi okozi wakati unalivua, linatoka, na saa inalegea ghafla kwa urefu wa bawa. Bawa la pili likiwa limeshika, saa bado iko mkononi. Yote mawili yakitoka, inapita kiganjani. Ziwa Victoria si kina kirefu kama Tanganyika, linafika mita 80 hivi pale penye kina zaidi, lakini chini ni tope na saa iliyozama humo haitafutwi.

Kipepeo cha vitufe kiko salama zaidi, ilimradi vitufe visitokeze kupita ukingo wa cheni. Vinavyotokeza hubanwa na ukingo wa meza au mshipi wa begi bila wewe kujua. Jaribu hivi: vaa saa, kisha sugua upande wa mkono kwenye ukingo wa meza mara kumi kwa nguvu ya kawaida. Kikifunguka hata mara moja, kiache.

Cha kukunja chenye kibati cha usalama ndicho cha boti, kivuko na bodaboda. Kasoro yake moja: ukingo wa kibati ukianza kuinama kwa kufunguliwa na kucha kila siku, unaacha mdomo, na mdomo huo ndio unaonasa mikanda. Kibati kikishalegea kiasi cha kuinuka kwa kutikisa mkono, kifungo chako kimebaki na hatua moja tu ya kufunguka.

Ongeza jambo ambalo halihusu aina ya kifungo. Saa nyingi za cheni zilizopotea hazikupotea kwa kifungo. Ni pini za springi zilizochoka, zile mbili zinazoshika cheni kwenye kichwa cha saa, au ile inayoshika cheni kwenye kifungo. Ni vipande vya bei ndogo mno. Vibadilishwe kila baada ya mwaka mmoja au miwili kama unavaa kila siku, na pini iliyopinda isinyooshwe na kurudishwa.

Vumbi la mawe, jasho na chumvi

Mji huu umejengwa juu ya mawe ya granaiti, na granaiti ina kwatzi. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs kwatzi ni 7. Stenlesi ya saa iko chini ya hapo, dhahabu ya karati 18 iko chini zaidi, na kioo cha yakuti, chenye 9, kinaishinda. Maana yake, vumbi linaloshuka kutoka vilima vya Isamilo au Bugando na kutua kwenye meza yako linakwaruza kifungo kila unapoegemeza mkono. Kichwa cha saa kinabaki kipya, kifungo kinazeeka.

Hapa kifungo cha kukunja kinaumia zaidi kwa sababu kifuniko chake ni kipana na kimejitokeza. Lakini ndicho rahisi kutibu, kwa sharti kiwe kimemalizwa kwa brashi, yaani kina mistari myembamba ya kwenda upande mmoja. Mikwaruzo hufutwa kwa pedi laini ya kusugulia chuma, kwa kuvuta kufuata mistari, upande mmoja tu, bila kuzungusha. Funika kwa utepe wa karatasi sehemu zote zinazong'aa kabla ya kuanza. Pedi ikizigusa mara moja umeziharibu. Kifungo cha kung'aa kinahitaji mashine ya polishi, na kila polishi inaondoa chuma. Baada ya polishi tatu nne kingo zilizokuwa kali zinakuwa mviringo, na maandishi madogo yanafifia. Cha dhahabu huisha haraka zaidi. Geita iko ng'ambo tu ya ghuba, lakini karati 18 ni asilimia 75 dhahabu, na ulaini wa dhahabu ni uleule popote ilipochimbwa. Kilichopakwa rangi nyeusi hakipigwi polishi kabisa.

Maji ya ziwa ni mapole kwa chuma, hayana chumvi kama ya Dar es Salaam au Tanga. Adui wa hapa ni mchanga na jasho. Mchanga wa ufukweni ukiingia kwenye reli ya marekebisho, meno yanakwama katikati, na ukilazimisha yanakwanguka. Kipepeo kina njia yake ya kuugua: jasho, mafuta ya kujipaka na vumbi hutengeneza uji mweusi chini ya mabawa, bawa halilali mpaka mwisho, na loki inashika nusu. Sauti ya kufunga ikibadilika kutoka «tak» kavu kuwa kitu cha kufifia, kifungo ni kichafu.

Wafanyabiashara wa kayabo pale Mwaloni Kirumba ndio pekee wanaohitaji tahadhari ya chumvi kama watu wa pwani. Chumvi ya kukaushia sangara ikikaa kwenye nafasi finyu, kama chini ya bati la kifungo, hutoboa hata stenlesi kwa vidoti vidogo. Stenlesi ya 316L ina molibdenamu ya asilimia 2 hadi 3 ya kuzuia hilo. 904L inayotumiwa na Rolex ina 4 hadi 5. Hakuna iliyo na kinga kamili. Suuza jioni kwa maji ya bomba, basi.

Kusafisha aina zote mbili ni kulekule. Hakikisha taji limefungwa na saa yenyewe inavumilia maji. Kama huna uhakika, toa cheni. Fungua kifungo chote. Bakuli la maji ya uvuguvugu, matone mawili ya sabuni ya kuoshea vyombo, loweka dakika 10. Mswaki laini kwenye bawaba, chini ya mabawa, ndani ya reli, kwenye mashimo ya vitufe. Suuza, kausha kwa kitambaa, acha wazi mpaka unyevu utoke. Mafuta ya cherehani yasiguse bawaba: hukamata vumbi na kulifanya msasa. Jiki usiisogeze karibu.

Kukata cheni

Mafundi saa wa mjini wanaiweza kazi hii ya kutoa pingili, ila mwangalie anaanzaje. Fundi akishika koleo na msumari, chukua saa yako.

Cheni ya skrubu inataka bisibisi ya ulimi wa milimita 1.4 hadi 1.6 kwa saa nyingi, iliyochongwa ikae sawa kwenye mfereji wa skrubu. Skrubu nyingi za kiwandani zimetiwa gundi. Isipotoka kwa nguvu ndogo, pasha joto: cheni iliyotolewa kichwani iwekwe kwenye maji ya moto dakika chache, au ipulizwe kwa mashine ya kukaushia nywele. Ukilazimisha bila joto, kichwa cha skrubu kinaliwa na pingili imekufa. Wakati wa kurudisha, tone moja dogo la gundi ya skrubu ya nguvu ndogo, ile ya zambarau ya namba 222. Usitumie ya nyekundu, labda kama hutaki ifunguliwe tena.

Cheni ya pini ina mishale upande wa ndani. Pini hutoka kufuata mshale, na hurudi kinyume chake. Seiko nyingi zina pini pamoja na kijibomba kidogo sana kinachokaa katikati ya pingili. Ndicho kinachoibana pini isitoke. Kinaanguka kimya fundi asione, pini inarudishwa bila hicho, na baada ya wiki mbili cheni inakatika barabarani. Hesabu: kila pini iliyotoka, kijibomba kimoja kiwe kwenye sahani.

Kwa kipepeo, pingili zitolewe sawa kwa sawa pande zote. Zikitoka tatu upande wa namba 12 na moja upande wa namba 6, mstari wa kukutania unahama kutoka katikati na mabawa yanabebeshwa uzito usio sawa. Idadi ikiwa witiri, nusu pingili ndiyo inayookoa. Kwa cha kukunja, upande wa namba 6 kwa kawaida hubaki mfupi kidogo ili kifuniko kikae katikati ya mkono. Na kabla ya kutoa pingili yoyote, weka marekebisho ya kifungo katikati ya reli, si mwisho wake, ili ubaki na nafasi ya kuongeza na ya kupunguza.

Mkanda wa ngozi tuupite haraka. Bizimu ya pini ni nyepesi na nyembamba, ila mashimo yake huachana kwa milimita 6 au 7, na ngozi hukatika pale inapokunjwa. Kifungo cha kukunja kwenye ngozi huilinda isikunjwe, na ukifungua saa haianguki mara moja. Kwa jasho la hapa ngozi ni ya jioni; mchana vaa cheni au mpira.

Nani achukue kipi

Wakili, mhasibu, mtu wa benki, anayeshinda kwenye kiyoyozi na kuvaa shati la kofi: kipepeo cha vitufe, chenye nusu pingili angalau moja kwenye boksi. Bibi harusi na mama mkwe vilevile, hao wanavaa saa kwa saa sita na wanaivua.

Mhandisi wa mgodini, mwenye boti, mtu wa samaki, mwendesha bodaboda na anayepanda naye kila siku: cha kukunja, kibati cha usalama, uso wa brashi. Asiweke kifungo cha kung'aa hata akipewa kwa bei ileile.

Mwenye saa moja tu ya kazini na ya harusini yuko katikati, na kwake tunaelemea upande wa kukunja chenye marekebisho mafupi ya ndani, kama yale ya milimita 5. Kifungo cha aina hiyo ni kifupi kuliko cha mzamiaji, kofi inapita, na alasiri unakunjua pingili moja ukiwa kwenye daladala bila mtu kujua. Reli ya milimita 20 ni ya kuvalia juu ya nguo ya kuzamia. Kama huzamii, unabeba uzito wa bure.

Dukani, kabla ya kulipa, funga na ufungue mara kumi ukisikiliza. Shika saa kwa kichwa, cheni ining'inie, tikisa: kifungo kikae kimya au kigonge kidogo, kisiachie. Angalia bawaba kwa lenzi. Mwanga ukipita kwenye pini ya bawaba upande mmoja kuliko mwingine, kilishalazimishwa. Kwa saa iliyotumika, linganisha ukali wa kingo za kifungo na za kichwa cha saa: kichwa kikali na kifungo mviringo maana yake kifungo kimepigwa polishi mara nyingi, au si cha saa hiyo. Kisha dai pingili zote zilizotolewa na skrubu zake, zihesabiwe mbele yako, ziwekwe kwenye kifuko pamoja na karatasi. Mkono ukinenepa, pingili moja ya kuagiza inaweza kuchelewa miezi, na saa isiyo na pingili zake haiuziki kwa bei ya wenzake.